Kifaa cha kusikia cha nyuma ya sikio: tathmini kwa mzee anayekivaa na kijana anayemsaidia

Mzee anapoletewa kifaa cha kusikia, watu wa nyumbani huona kazi imekwisha. Hakuna tena kurudia maneno, hakuna tena televisheni ya kutikisa madirisha. Majuma matatu baadaye kifaa kiko kwenye droo, betri imeishia ndani, mzee anasema kinampigia kelele, vijana wanasema mzee ni mkaidi. Mara nyingi kifaa chenyewe hakina ubovu. Kilichokosekana ni mafunzo ya siku chache, pamoja na adabu ya mazungumzo ambayo haimo kwenye karatasi ya maelekezo.

Tathmini hii ni ya aina moja tu: kifaa kinachokaa nyuma ya sikio, kilichopinda kama mwezi mwandamo, chenye mrija unaoshuka mpaka kwenye kizibo kilichotengenezwa kwa umbo la sikio la mvaaji, na kinachotumia betri za kubadilisha. Wengi hukiita mashine ya sikio. Niseme mapema ninavyokiona: ni kigumu, kinasafishika, kinatengenezeka, na kinafaa kuanzia upungufu mdogo wa usikivu mpaka ule mkubwa kabisa. Kwa wazee wengi ningekiweka mbele ya aina nyingine. Ila kinadai msaidizi. Mzee asiye na mtu mwenye subira karibu yake atapata nusu ya faida yake, pengine chini ya hapo.

Kinachorudi na kisichorudi

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba zaidi ya robo ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa usikivu wa kiwango cha kuwakwamisha maishani. Upungufu huo wa uzeeni si sawa na redio iliyopunguzwa sauti. Ndani ya sikio, kwenye koklea, kuna seli zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Zile za sauti nyembamba ndizo hufa kwanza, na zikifa hazioti tena. Sasa angalia maneno yetu yalivyo: irabu hubebwa na sauti nene zenye nguvu, lakini s, f, sh, t na k ni nyembamba na dhaifu. Ndiyo maana mzee anasikia kabisa kwamba mtu anasema, ila hajui amesema nini.

Chukua fika, shika, pika na zika. Ukiifuta konsonanti ya mwanzo yote ni neno moja. "Mjomba amefika" inamfikia mzee kama "Mjomba amezika," naye anauliza kwa mshtuko ni nani aliyefariki, na vijana wanaangua kicheko. Hakuna la kuchekesha hapo, amejibu alichosikia. Sita na tisa ni mbaya zaidi, kwa sababu irabu ni zile zile na konsonanti ni zile zile zilizobadilishana nafasi. Dawa ya saa sita ikanywewa saa tisa, kosa si la mzee.

Jambo la pili ambalo vijana wengi hawalijui: sauti za watoto ni nyembamba na za haraka, kwa hiyo mjukuu ndiye anayesikika vibaya kuliko wote nyumbani. Mwanaume mwenye sauti nene akikaa karibu husikika vizuri. Hapo ndipo linapozaliwa lile neno la kuumiza, "anasikia anachotaka." Ukitazama vizuri utaona anasikia sauti nene, iliyo karibu, chumba kikiwa kimya, asubuhi kabla hajachoka. Jioni usikivu huonekana kupungua kwa sababu siku nzima akili imefanya kazi ya kuunganisha vipande vya maneno.

Kifaa hukuza zile sauti nyembamba kwa kufuata odiogramu, yaani mchoro wa kipimo cha masikio ya mvaaji. Kikiwekwa sawa, tofauti ya fika na zika hurudi kwa kiasi kikubwa. Kisichorudi ni uwezo wa sikio changa kuchambua sauti moja katikati ya kumi. Penye watu wengi wanaosema pamoja, kifaa hukuza na kelele pia. Anayeahidiwa kusikia kama kijana ameahidiwa uongo, na akijua hivyo atakivua.

Kabla ya kununua chochote, masikio yachunguzwe. Nta iliyoziba sikio peke yake inaweza kumfanya mtu aonekane kiziwi, na kuitoa ni kazi ya dakika chache kwa mhudumu wa afya. Isichokonolewe kwa vijiti vya pamba, maana huisukuma ndani. Na mzee ambaye sikio moja limezima ghafla, leo anasikia kesho hasikii, asipelekwe kununua kifaa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa kuna tiba inayofaa ikianzwa mapema tu.

Kukivaa: mkono wa kijana kwenye sikio la mzee

Sehemu ni chache. Juu nyuma ya sikio liko ganda lenye maikrofoni, kitufe cha programu au cha sauti, na mlango wa betri kwa chini. Ganda linaishia kwenye ndoano ngumu, ndoano imechomekwa kwenye mrija laini, mrija umechomekwa kwenye kizibo. Alama nyekundu ni sikio la kulia, bluu ni la kushoto. Kizibo cha kulia hakikai kushoto, na kinachoonekana kuwa kidogo au kukosewa mara nyingi kimevalishwa upande usio wake.

Kizibo huingia kwa mpangilio. Kwanza ncha yake ndefu ielekezwe kwenye tundu la sikio. Halafu kizungushwe kidogo kuelekea nyuma hadi sehemu ya juu iingie chini ya mkunjo wa sikio. Mkono mwingine uvute sikio taratibu juu na nyuma ili njia ifunguke, kisha kidole kisukume kizibo mpaka kikae. Ganda lipandishwe nyuma ya sikio mwishoni, mrija ukiwa haujajipinda. Kosa la kawaida ni kuacha ile sehemu ya juu nje ya mkunjo: kwa macho kinaonekana kimekaa, lakini sauti inavuja na mluzi unaanza.

Sikio si mahali pa kuguswa hivi hivi. Kijana anayemjia mzee kwa nyuma na kuanza kuchomeka amemshtua, na tena amemfanya mtoto mdogo. Aketi mbele yake, kimo sawa, mikono imeoshwa na kukaushwa. Aombe: "Babu, naomba nikuvalishe cha kulia." Angoje mzee akubali kwa kichwa. Aseme anachofanya kabla ya kukifanya, akikumbuka kwamba wakati huo mzee hana kifaa sikioni, kwa hiyo aonyeshe kwa vidole zaidi ya kusema. Kifaa kiwashwe baada ya kukaa, maana kikiwaka mkononi hupiga mluzi, na mluzi ukiingia sikioni pamoja na kizibo unamfanya mtu achukie zoezi zima.

Kuna heshima ya kusaidia na kuna heshima ya kuacha. Vidole vya mzee vikiweza, avae mwenyewe hata kama anachukua dakika tano. Kijana akae na kutazama, mikono yake isimsogelee mzee. Avae na kuvua mara tatu au nne kwa siku katika juma la kwanza, akiwa amekaa mezani juu ya kitambaa laini ili kikianguka kisivunjike. Mzee anayevalishwa kila siku na mtu mwingine ataacha kukivaa siku mtu huyo akisafiri. Pale vidole vimekufa ganzi au vinatetemeka sana, hapo msaada wa kila siku ni wa lazima, na afadhali wajifunze watu wawili badala ya mmoja.

Mluzi, nta na unyevu

Kasoro inayolalamikiwa zaidi ni mluzi, na inakera nyumba nzima kuliko inavyomkera mvaaji, kwa kuwa sauti hiyo nyembamba pengine haisikii kabisa. Mluzi ni sauti iliyokwisha kukuzwa inayotoroka pembeni mwa kizibo, ikarudi kwenye maikrofoni na kukuzwa tena. Tafuta njia ya kutorokea kwa utaratibu. Kizibo kimekaa sawa? Sikio lina nta inayorudisha sauti nje? Mrija una ufa au umelegea kwenye kizibo? Sauti imepandishwa kupita kiasi? Na kama kizibo ni cha miaka kadhaa na mzee amepungua mwili, sikio limebadilika umbo na kinachotakiwa ni kizibo kipya. Mluzi unaotokea mzee akikumbatiwa au akivaa kofia ni wa kawaida, unakoma kitu kikiondoka.

Jinsi ya kumwambia nayo ina namna yake. Kupiga kelele "Babu, linalia!" mbele ya wageni ni kumwaibisha kwa jambo asilolisikia. Wakubaliane mapema ishara ndogo, kwa mfano kijana kugusa sikio lake mwenyewe. Mzee akiiona, anasukuma kizibo kwa kidole na mazungumzo yanaendelea.

Kila usiku kifaa kifutwe kwa kitambaa kikavu. Mara moja kwa juma, kizibo na mrija vichomolewe kwenye ndoano, vioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, vipulizwe kwa kipulizio kidogo cha mpira kinachobinywa kwa mkono mpaka matone yatoke ndani ya mrija, viachwe vikauke usiku kucha. Ganda lenyewe lisiguse maji hata kidogo. Kikaushia nywele hakifai, joto lake huharibu mrija na hata vilivyo ndani ya ganda. Mrija ukigeuka njano na mgumu umekwisha. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miezi 3 mpaka 6, na hili ndilo watu wanalosahau: wanalaumu kifaa kwa sauti hafifu kumbe mrija umekauka na kusinyaa.

Jasho na mvuke ndio maadui wakubwa. Kifaa kilale kwenye kikopo chenye vidonge vya kunyonya unyevu, mlango wa betri ukiwa wazi na betri imetolewa. Manukato na mafuta ya nywele yatangulie, kifaa kifuate yakishakauka. Mzee anayevaa miwani aivue polepole kwa mikono miwili, kwa sababu miguu ya miwani hukikokota kifaa na kukidondosha bila yeye kuhisi.

Betri

Betri hizi ni za zinki na hewa, na saizi zinajulikana kwa namba na rangi ya stika: 10 ni njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Vifaa vya nyuma ya sikio hutumia zaidi 13 au 675. Ya 13 hudumu takriban siku 6 hadi 14 na ya 675 siku 9 hadi 20, kutegemea saa za kuvaa na nguvu ya kifaa. Kwa mzee ninapendelea 675 kifaa kikiiruhusu, kwa kuwa ni kubwa na vidole vinaishika.

Stika ikibanduliwa, hewa huanza kuingia kwenye vitundu na betri huamka. Iachwe wazi dakika 3 hadi 5 kabla ya kuifungia ndani. Anayeifungia papo hapo hukuta kifaa dhaifu, akadhani betri ni mbovu. Kubandika tena stika hakuizimi, kwa hivyo isibanduliwe mpaka siku yake. Upande wenye alama ya kujumlisha ndio uliokuwa na stika. Mlango ukikataa kufunga betri imegeuzwa. Anayelazimisha huvunja bawaba, na bawaba ikivunjika kifaa kimerudi kwa fundi.

Jaribio la haraka: weka kifaa kilichowashwa kwenye kiganja, funga kiganja kama kikombe. Kikipiga mluzi, betri na kifaa ni vizima, tatizo litafutwe kwenye kizibo, mrija au nta. Kikikaa kimya, badilisha betri kwanza kabla ya kuhangaika na lolote.

Tahadhari moja isipuuzwe. Betri hizi zinafanana na vidonge, na wapo wazee waliozimeza wakidhani ni dawa. Zisiwekwe kamwe kwenye kasha la dawa wala kwenye sahani pamoja na dawa. Watoto wadogo nao huziokota. Ikimezwa, hospitali mara moja.

Namna ya kusema na mvaaji

Hapa ndipo kifaa kinapofaulu au kushindwa, na hakuna fundi wa kurekebisha. Kifaa hufanya kazi yake bora msemaji akiwa kati ya mita 1 na 2. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), huku kelele ya chumba ikibaki ilivyo. Kijana anayesema akiwa chumba cha pili ameshaikata sauti yake kabla haijafika, halafu analaumu masikio. Anyanyuke, amwendee. Kumwendea mzee badala ya kumwitia kwa mbali ni adabu ya tangu hapo, na kwa mwenye kifaa ndiyo fizikia yenyewe.

Amwite kwanza kwa jina analomwitia, babu, bibi, mama, angoje macho yakutane, ndipo aanze. Maneno mawili matatu ya mwanzo ndiyo hupotea kila mara sikio likiwa halijajiandaa, na kwa bahati mbaya ndiyo hubeba habari yenyewe. Mwanga uangukie uso wa msemaji. Anayesimama na dirisha mgongoni amegeuka kivuli na midomo yake haisomeki. Mkono usizibe mdomo, chakula kisiwe mdomoni, na televisheni izimwe kabisa; kuipunguza sauti hakutoshi, maana hata sauti ndogo inazifunika s na f.

Kupiga kelele ni kosa linalofanywa kwa nia njema. Ukipaza sauti, irabu ndizo zinazovimba na konsonanti zinabaki palepale, kwa hiyo uwiano unaharibika zaidi. Kifaa nacho kikipokea sauti kubwa huibana ili kulinda sikio, na kinachofika ni neno lililofinywa. Halafu tazama uso wa mtu anayepiga kelele: mishipa imetoka, nyusi zimekunjamana. Mzee amezoea kusoma nyuso miaka yote ya kutosikia vizuri. Atasoma hasira kabla ya kupata neno, atajibu kwa hasira, na kijana hatajua ugomvi umetoka wapi. Sauti ya kawaida iliyo imara kidogo, kasi ndogo, pumzi baada ya kila kifungu. Kasi hasa. Kukata neno silabi moja moja, "u-me-ku-la?", hakusaidii, kunaharibu mdundo ambao mzee anautegemea kukisia kilichokosekana.

Asiposikia, rudia mara moja kama ulivyosema. Mara ya pili badilisha maneno. Badala ya "Shangazi kafika," sema "Shangazi yuko nyumbani, ameingia sasa hivi." Sentensi ndefu kidogo ina vishikizo vingi zaidi kuliko fupi. Mada ikibadilika, itajwe: "Tumeacha habari za shule, sasa ni safari ya kesho." Majina ya watu, siku na namba yaandikwe au yaonyeshwe kwa vidole, na mzee aombwe kurudia alichopokea: "Bibi, dawa hii utaimeza saa ngapi?" Swali la "umesikia?" halina maana yoyote, jibu lake ni ndiyo siku zote.

Neno moja liondoke kabisa nyumbani: "basi, achana nayo." Kwa kijana ni kuokoa muda tu. Kwa mzee ni taarifa kwamba hastahili kurudiwa. Akiambiwa hivyo mara kumi anaacha kuuliza, anaanza kukaa pembeni na kucheka wengine wakicheka. Kama ni utani uliopita na hauna ladha ukirudiwa, urudiwe tu hivyo hivyo.

Kwenye kikao cha familia, mzee akae kelele ikiwa nyuma yake na wasemaji wakiwa mbele, kwa kuwa maikrofoni za vifaa vingi vya sasa huvuta zaidi sauti ya mbele. Aseme mtu mmoja kwa wakati, na anayeanza anyanyue mkono kidogo ili macho ya mzee yajue pa kwenda. Watoto wa miaka sita hulijifunza hili haraka kuliko watu wazima, na hulifurahia.

Mzee naye ana wajibu wake. Kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa jambo asilolisikia kunamchosha kijana kuliko kuombwa kurudia. Inasaidia sana akitaja alichopata: "Nimesikia unakwenda, wapi?" Kijana anajaza pengo moja badala ya kurudia hadithi nzima. Avae kifaa anapokaa na watu, asikihifadhi kwa ajili ya wageni. Na akikivua kupumzika, aseme, ili watu wasizungumze na sikio tupu. Mjukuu aliyekaa nusu saa akisafisha mrija anastahili ahsante yake, si kuambiwa alichelewa.

Majuma ya kwanza

Siku za mwanzo sauti yake mwenyewe humrudia kama anasemea ndani ya pipa, karatasi zinapasuka, maji yanayomiminika yananguruma. Ni sauti alizozisahau miaka mingi, na akili inahitaji muda wa kuzipanga tena, kwa kawaida majuma kadhaa. Aanze saa mbili hivi kwa siku, chumba kimya, mtu mmoja wa kuzungumza naye. Aongeze saa moja kila baada ya siku moja au mbili. Siku ya kwanza kumpeleka kwenye sherehe ni njia ya uhakika ya kukiua kifaa.

Kijana aandike: sauti gani ilikera, wapi, saa ngapi, neno gani lilikosekana, na nani alilisema. "Vyombo vinagonga mpaka kichwa kinauma" ni taarifa ambayo mtaalamu anaweza kuifanyia kazi kwa kompyuta ndani ya dakika chache. "Hakifai" haimsaidii. Maumivu au kidonda pale kizibo kinapogusa si jambo la kuzoea. Kizibo kichongwe upya sehemu hiyo.

Kwa simu, spika ya simu isielekezwe kwenye tundu la sikio kama zamani. Ipandishwe juu, karibu na maikrofoni nyuma ya sikio, ikiinamishwa kidogo ili mluzi usitokee. Vifaa vyenye alama ya T hupokea simu zinazokubaliana navyo bila kelele ya chumba, lakini kitufe kikisahaulika kwenye T mzee hatasikia mtu aliye mbele yake. Ukiona ghafla amekuwa kiziwi baada ya simu, angalia hapo kwanza.

Ukilinganisha na vingine

Vile vidogo vinavyoingia vyote ndani ya sikio havionekani, na hiyo ndiyo sifa yao kubwa. Nta huviziba upesi, betri ya 10 au 312 inateleza vidoleni, na nguvu yao ina kikomo. Vya kuchaji vimeondoa tabu ya betri, na kwa vidole vinavyotetemeka ni afadhali, mradi umeme ni wa uhakika na mtu yupo wa kuhakikisha vimekaa sawa kwenye chaja kila usiku. Vikuza sauti vya bei rahisi vinavyouzwa bila kipimo hukuza kila kitu sawasawa, irabu na kelele na konsonanti. Huleta sauti kubwa bila kuleta neno. Hivyo sivipendekezi kwa mtu ambaye hajapimwa.

Upungufu ukiwa masikio yote mawili, viwili vinazidi kimoja kwa mbali: mzee anajua sauti imetoka upande gani, na penye kelele anapata nafuu. Kifaa kikitunzwa, hudumu takriban miaka 5.

Siku ya kununua, maswali ya kuuliza ni haya: ni ziara ngapi za marekebisho zimo ndani ya bei, muda wa kukirudisha kama hakimfai ni siku ngapi, mirija ya akiba inapatikana wapi, na kikiharibika atapewa cha kuazima au atakaa bila. Mtaalamu anayemuuliza kijana "anasikiaje huyu?" huku mzee amekaa mbele yake ajibiwe kwa upole: "Yupo hapa, atakueleza mwenyewe." Kiti cha mzee kiwe ndicho kinachomtazama mtaalamu, maswali ayaulize yeye, kijana akae pembeni na kalamu.